Macho ya Kijani, na Hodi Niliyoikataza

Mpendwa mshauri Bi. Sundus, shikamoo, msaada wako nauhitaji na kabla sijauomba nakusihi usinicheke, maana jambo lenyewe ni la bastola na najua wanaokuandikia wengi huleta mambo ya mawifi na simu za waume, lakini mimi sina wa kumuuliza. Nipo hapa Sterling, Marekani, mwaka wa tisa, nafanya kazi zamu ya usiku katika kituo kimoja cha data karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, narudi nyumbani jua limeshachomoza na kulala mpaka alasiri, kwa hivyo usiku wangu mimi ni mchana wa watu, na chumba changu kiko chini, besimenti, nimetundika mapazia mazito mpaka mkono wako mwenyewe huuoni.

Mwaka jana nyumba ya jirani iliingiwa na wezi saa tano asubuhi, wenyewe wako makazini, na mimi niliposikia hivyo nikaenda kununua bastola, kihalali kabisa, mke wangu Tasnim hakupenda ila alinyamaza. Sasa bastola, Bi. Sundus, ina vinundu juu yake vya kulengea, kimoja mbele karibu na mdomo wa mtutu na kingine nyuma chenye mwanya, unakiweka cha mbele katikati ya mwanya wa nyuma ndipo risasi iende unakotaka, mimi naviita macho. Yangu ilikuja na macho ya kiwandani, ya plastiki, yana vidoa vyeupe ambavyo gizani havisaidii kitu. Rafiki yangu wa kazini, Peterson, Mkenya, akaniambia, "Buda, hizo za kiwanda toa, weka fiber mbele, ile nyekundu, mchana inawaka mbaya!" Na kweli niliijaribu ya kwake, ni kijiuzi cha plastiki kinachokusanya mwanga wa jua, mchana kinang'aa kama kaa la moto, lakini ukiingia gizani nacho kinazimika.

Ndipo muuzaji mmoja dukani akanionyesha ya aina nyingine, akayafumba ndani ya viganja vyake viwili akaniambia nichungulie, nami na umri wangu huu nikainama nikachungulia kwenye viganja vya mwanamume mwenzangu, na Subhanallah, Bi. Sundus, ndani mle mlikuwa na nukta tatu za kijani zinawaka zenyewe, hazina betri, hazichajiwi, hazikuhitaji kuonyeshwa jua, ni vichupa vya kioo vidogo kuliko punje ya mchele na ndani yake mna gesi inayoitwa tritiamu, na akasema zitaendelea kuwaka hivyo hivyo zaidi ya miaka kumi, zinafifia polepole tu, hata bastola ikikaa kwenye droo na hakuna anayeitazama. Nikazinunua siku ile ile, na kwa wiki nzima kila nikipanda kitandani nilikuwa natoa bastola bila risasi nazitazama tu, moja mbele na mbili nyuma, zimetulia, mpaka nikawa naona usingizi unakuja vizuri zaidi zikiwepo.

Sasa ninachokuomba ni hiki, nimesikia yapo macho mengine bora kuliko hayo, ya mchana na usiku pamoja, la mbele limezungushiwa duara la rangi ya chungwa na la nyuma ni jeusi tupu, na Peterson anasema hayo ni ya mapolisi, na mimi nashindwa kuamua nibaki na ya kijani matatu au nibadilishe, na kuna jambo dogo lililotokea linalonifanya nitake kuamua haraka.

Mama mkwe wangu, Bimkubwa, alikuja kutoka Unguja kabla ya Ramadhani na anakaa nasi. Ni mtu wa heshima zake, kila mlango anaoupita lazima apige hodi, hata wa jikoni, hata wa ngazi ya kushukia kwangu, "Hodi jamani, hodi humu!" na mimi ndiyo kwanza usingizi umenikolea, mpaka siku moja nikamwambia kwa adabu, mama, Marekani watu hubonyeza kengele ya mlango mkubwa tu, ndani ya nyumba hodi hazina haja, nami nalala. Akasema, "Haya baba, nimesikia," na tangu siku ile hakupiga tena. Sasa Jumanne moja Tasnim alikuwa amempeleka kliniki na mimi nikajua nimebaki peke yangu, kumbe daktari hakuja, Tasnim akamshusha mlangoni, akampa ufunguo, akaenda zake kazini, naye mama kama kawaida yetu akavua viatu, akapita kwenye zulia kwa soksi. Saa sita mchana nilisikia ngazi inalia. Nikaichukua bastola kwenye droo, ina risasi. Mlango ukafunguka na kivuli kikaingia kwenye giza lile, na zile nukta tatu zikajipanga zenyewe, Bi. Sundus, mstari mmoja ulionyooka, sijawahi kulenga vizuri hivyo maishani, na naona haya kuandika kwamba kitu nilichokifikiria wakati ule ni jinsi zilivyopendeza. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Sikuuliza nani. Kile kivuli kikainama, kikasema, "Yarabi, goti langu," kikaweka chini kapu la nguo zangu zilizokunjwa, kikageuka na kupanda ngazi.

Yeye hakuona kitu, zile taa zinamwangalia aliyeshika tu, aliye mbele yeye hazioni. Jioni alinipakulia wali akaniuliza mbona sili. Tasnim sijamwambia. Nishauri, niweke ya rangi ya chungwa?

Mlala Mchana, Sterling

*

Marahaba, Mlala Mchana. Sikukucheka. Ila taa umezieleza kwa upana na urefu, na mama wa watu umemweka mkiani mwa barua, tena ukamwita jambo dogo. Nilipofika kwenye lile goti niliweka simu mezani nikatoka nje kwenye baridi, nikasimama kwenye maegesho ya magari kama mtu aliyepotelewa na gari.

Bastola mimi sizijui, kwa hivyo nilitoka hapa Adelphi nikamfuata anayezijua. Kizzy, Mmarekani mweusi, anafundisha watu kulenga shabaha kule Gaithersburg, na Kiswahili alikisoma chuoni kwa hivyo anakisema sanifu kunishinda. Nilimsomea barua yako bila jina. Akaniingiza kwenye chumba cha darasa kisicho na dirisha, akanipa bastola ya plastiki ya buluu ya kufundishia, isiyoweza kufyatua hata pumzi, yenye macho kama yako, akazima taa.

Mwanangu, mashallah ilinitoka mdomoni kabla sijajijua. Nimeishi miaka sitini na nne na sijaona kitu kidogo namna ile kinachowaka kwa utulivu namna ile. Nilinyoosha mikono nikazipanga, zikakaa sawa, nikajiona shujaa. Kwa hivyo usione haya kwa kupendezwa, hata mimi nilipendezwa. Kizzy akaniuliza gizani, na ule usanifu wake, "Bi. Sundus, tafadhali nieleze, ni nani aliye mbele yako?"

Nikasema simwoni.

"Je, amebeba nini mikononi mwake?"

Nikasema, "Nitajuaje na giza hili?"

Akawasha taa. Mbele yangu kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kumetandazwa shali yangu mwenyewe niliyoivua nilipoingia. Nilikuwa nimeilenga katikati barabara. Nilikaa kwenye kile kiti na shali yangu mapajani, na Kizzy akaniletea maji. Macho yale, Mlala Mchana, yanakuonyesha mtutu umeelekea wapi. Aliyesimama mbele hayamjui, na hata ununue ya bei ya gari hayatamjua.

Umeuliza swali, nitakujibu, usije ukasema nimekukwepa. Kizzy anasema ndiyo, duara la rangi mbele na jeusi nyuma ni bora kwako kuliko kijani tatu, kwa sababu gizani nukta tatu zinazofanana humchanganya mtu asijue ipi ni ya mbele, na mchana ile rangi ya chungwa jicho huiona upesi. Ayafunge fundi mwenye kifaa chake cha kuyasukumia mahali pake, siyo wewe na nyundo, na uangalie mwaka uliochapwa pembeni usiuziwe yaliyokwisha kufifia. Yakishafungwa, nenda ukayajaribu kwa risasi zile zile unazotumia, uone kama zinapiga unapolenga.

Lakini hayo ni ya baadaye, na ukiyafanya kwanza utakuwa hukunielewa. Bastola itoke kwenye droo leo, iingie kwenye kasha la chuma lenye kufuli. Mtu aliyezinduliwa usingizini asiifikie kabla akili haijaamka. Kabla ya macho, nunua tochi ya mkononi, peke yake, isiyofungwa kwenye bastola, ili uweze kummulika mtu bila kumwelekezea mtutu. Weka swichi ya taa karibu na mto. Na kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeona kwa macho uliyozaliwa nayo, ukauliza nani kwa sauti, ukasubiri jibu. Utaniambia mwizi hapigi hodi. Sawa, na mama yako naye alikuwa hapigi, kwa sababu wewe ndiye uliyemkataza. Ulikuwa na kengele ya bure iliyotoka Unguja kwa ndege, inajitangaza kila mlango, inakwambia ni nani na anakuja kwa heri, nawe ukaizima ili ulale, halafu ukaenda kununua taa.

Tasnim mwambie leo, kabla hujaenda zamu. Atalia, na huenda akakutaka uiuze hiyo bastola, na kama akitaka, msikilize mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo, maana aliyekuwa mbele ya zile nukta ni mama yake mzazi. Mama mwenyewe kama aambiwe ama asiambiwe, hilo aamue binti yake.

Lakini wewe una lako kwake, na hilo halingoji ruhusa ya mtu. Mwendee alipokaa, ukae chini, umwombe radhi kwa kumkataza hodi, umwambie ulikosea, na umwombe aipige tena, kila mlango, kwa sauti ile ile. Atakuamsha. Utapoteza usingizi wako wa saa sita mchana siku nyingi sana, na siku utakayonung'unika kumbuka lile kapu la nguo ulizokunjiwa. Kisha umwitikie, Mlala Mchana, toka huko chini kwenye giza lako, asikie hadi juu ya ngazi: "Karibu, mama."