Kujikuna na Kujikana

Jumamosi, mwezi wa nane, 2008. Nakuru.

Mvua imeanza saa saba na haina haraka ya kwenda popote. Niko saiba, kwenye duka la intaneti, kiti cha pembeni, karibu na dirisha lisilofungika vizuri, na mkono wangu wa kulia unauma kama wa mtu aliyeshinda akilima. Sikulima. Nimeshinda nikigeuza herufi moja.

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kweli ambalo si gumu kuliandika.

Wanaosoma blogu hii (nadhani ni watu wanne, na mmoja wao ni mimi) wanajua kwamba mimi ni karani katika stoo ya nafaka hapa mjini. Nachapa barua, hati za kupokea ngano, majina ya madereva. Tajiri wangu ni Muhindi mzee, mtaratibu, ambaye familia yake ilikuwa kwenye biashara hii kabla babangu hajazaliwa. Kila asubuhi ananiambia maneno yale yale: "Karani, chapa, soma, halafu ndiyo toa." Jana jioni aliniruhusu nitumie mashine yake ya fotokopi kwa kazi ya kanisa. Nikachapa, nikatoa. Sikusoma.

Kesho ni Jumapili ya vijana kanisani kwetu. Mchungaji alichagua mada mwenyewe: Kujikana Kila Siku. Leo asubuhi nilimpelekea Mercy, mwenyekiti wetu wa vijana, ratiba zote sitini, nimezikunja vizuri. Alifungua ya kwanza akaisoma. Kisha akashika ukuta kwa kicheko.

"Wee karani! Kesho tunajikuna?"

Nikamnyang'anya karatasi. Juu kabisa, kwa herufi nene nilizozichagua mimi mwenyewe, ilisomeka: Mada: Kujikuna Kila Siku.

"Kila siku, manze," Mercy akaendelea huku akifuta machozi. "Si mchungaji aje na dawa ya upele basi."

Wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi wakaja kuona. Mmoja akaanza kujikuna kwapa kwa mdundo wa pambio. Mwingine akasoma chini ya ukurasa, palipoandikwa Ushuhuda: Ndugu Daniel, akasema, "Aah, kumbe ni wewe utatuonyesha vile inafanywa!"

Nilicheka nao. Mimi hucheka upesi watu wanaponicheka. Ni njia ya kuwaomba waache.

Karatasi mpya hazikuwapo. Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi la nyuma kanisani na biro, nakala baada ya nakala. Herufi u ukiifunga juu na kuvuta kamkia kadogo, inakuwa a. Si kazi ngumu. Lakini ukiandika neno moja mara sitini linaanza kulegea mkononi, unaliona kama hujawahi kuliona. Kujikana. Kujikana. Kufikia katikati ya bunda nilikuwa nimeacha kucheka hata moyoni.

Ijumaa ya wiki iliyopita vijana walialika mgeni kutoka Nairobi, kijana mwenzetu aliyevaa suti na anayejua kutumia maikrofoni. Alisema kizazi chetu kimefundishwa kujificha. Alisema: jitafute, ukijipata jiachilie, usikubali mtu yeyote akuambie wewe ni nani. Tulipiga makofi. Hata redioni ndiyo habari ya siku hizi, asubuhi hadi jioni: jieleze, jiamini, timiza ndoto zako, maisha ni yako.

Sitaki kumdharau. Mercy alitoka pale uso ukiwa umechangamka kuliko nilivyowahi kuuona. Kwa miaka miwili amekuwa akitaka kusomea ushonaji wa mitindo, na kila akifungua mdomo nyumbani anaambiwa ajikane. Tukiwa tunapanga viti aliniambia, "Daniel, wengine wanatuambia tujikane ndio wasitusikie." Ni kweli, neno zuri linaweza kufanywa kitambaa cha kumziba mtu mdomo.

Ila mimi nilikuwa na shida nyingine na yale mafundisho. Mgeni anaamini kwamba mtu akijitafuta mpaka ndani kabisa atakuta kitu cha kufurahia. Mimi nilijipata mwezi wa kwanza mwaka huu, wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, mchana, kando ya barabara. Nilichokipata hakikunipendeza.

Tena wale waliokuwa na mawe na rungu mwezi ule, hakuna aliyekuwa amejificha. Walikuwa wamejiachilia kabisa.

Acha niandike. Nimezunguka vya kutosha.

Mama yangu anaishi upande wa Rongai, kwenye shamba dogo la mahindi na maharagwe. Wakati wa vita simu yangu ilizima siku nne, sikuwa na mahali pa kuichajia. Siku ya tano magari machache yalitembea na mama akapanda moja. Hakuwa na habari nyingine ya kuja kutafuta mjini: alikuja kuona kama niko hai.

Mimi nilikuwa nimesimama nje ya stoo. Tajiri alikuwa amefunga mlango kwa ndani. Vijana sita, saba hivi walikuwa wamenizunguka wakiuliza majina. Sitaandika kabila langu hapa wala lao; anayejua mji huu anajua jina la tatu la mtu lilikuwa na uzito gani wiki ile. Niliwapa jina moja tu, Daniel, na kina Daniel ni wengi Nakuru, wa kila upande. Kiswahili changu ni cha shuleni, hakisemi nimetoka wapi. Walikuwa karibu kuondoka.

Ndipo mama akaniita kutoka ng'ambo ya barabara. Aliniita jina la nyumbani, kwa lugha yetu, kwa ile sauti ya kumwita mtu aliye mwisho wa shamba.

Mmoja wao akanigeukia. "Huyo mathe anaita nani?"

Nikasema, "Simjui."

Mama alikuwa ameshavuka barabara. Alisikia. Alinitazama, akawatazama wao, akatazama mikono yao na vilivyokuwa mikononi. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akiwa amenikazia macho:

"Pole boss. Nilifikiria ni kijana yangu. Macho yangu imezeeka."

Mama yangu hutunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Lafudhi yake ilikuwa imeshamtaja. Kama walikuwa wanatafuta mtu, sasa walikuwa naye, na hakuwa mimi. Mmoja akapiga hatua. Mwingine akamshika bega, "Achana na mathe wa watu, aende." Akaenda. Alishika barabara peke yake, maduka yote yamefungwa, mgongo ukiwa wima, na mfuko wa viazi ambao sasa najua alikuwa ameniletea. Mimi niliomba. Naandika hili kwa aibu: sikuomba afike salama. Niliomba asigeuke.

Hakugeuka.

Tangu siku ile hatujalizungumza. Huko shambani bado naitwa jina langu. Lakini akija mjini, mama hunisemesha Kiswahili tu, hata tukiwa wawili, hata sasa ambapo kumetulia. Na mbele ya watu ananiita boss. "Boss, nisaidie na huu mfuko." Watu hudhani ni utani wa mama na mtoto wake wa ofisini, wanacheka. Mimi pia hucheka. Nimeshasema kwa nini hucheka.

Kanisani wananisifu. Ndugu Daniel hajitangulizi, Ndugu Daniel ni mtu wa kujikana. Hata kwenye kazi za ofisi natia sahihi kwa jina la kwanza na herufi moja. Nimewaacha waamini. Si unyenyekevu. Ni woga uliochana nywele na kuvaa shati safi.

Leo, kwenye lile benchi, nafikiri nilikuwa nakala ya arobaini hivi, nikaona kitu ambacho karani angepaswa kukiona mapema. Dakika ile barabarani kulikuwa na watu wawili waliokana. Mimi nilimkana. Yeye alijikana. Ni silabi moja, kama ile herufi yangu moja, na mtu anayesoma haraka anaweza kudhani ni kitu kile kile.

Mimi nilificha mtu ili nibaki. Yeye alijificha ili mtu abaki.

Ningependa kumuuliza yule mgeni wa Nairobi anamweka wapi mama yangu katika mafundisho yake. Kitu kikubwa alicho nacho duniani ni kuwa mama wa mtoto mmoja, na alikitoa pale barabarani kama anayerudisha kitu alichookota. Hakujieleza. Hakutimiza ndoto. Na bado sijawahi kumwona akiwa yeye mwenyewe kuliko siku ile aliyosema mimi si wake. Kama Bwana alimaanisha chochote alipotuambia tujikane, nafikiri alimaanisha hicho. Si kunyamazishwa, kama Mercy. Si kujibanza, kama mimi. Ni mtu kuwa na nafsi yake mkononi, akaitoa mwenyewe kwa kupenda.

Tatizo ni kesho.

Ushuhuda wangu umeandikwa tangu Jumanne. Unaanza Bwana asifiwe, nimeokoka na ninampenda Bwana, halafu namshukuru Mungu kwa kazi na kwa "kutulinda katika kipindi kile kigumu". Hauna kosa hata moja la tahajia. Mama anakuja kuusikia.

Ninaweza kuusoma na kuketi. Hakuna atakayejua ila watu wawili, na mmoja ameshaonyesha kwamba anaweza kunyamaza.

Au niseme ukweli. Lakini kanisani kuna watu wa pande zote, huenda hata ndugu wa wale vijana, na nikisema ni lugha gani mama aliniita nayo nitakuwa nimejitaja. Kuna na jambo lingine linalonisumbua zaidi: nikisimama pale nikalia mbele ya maikrofoni, nikashikwa mikono, nikaambiwa mimi ni jasiri, nitakuwa nimetubu au nitakuwa nimejieleza tu? Maana naweza kabisa kumtumia mama mara ya pili. Mara ya kwanza nilimtumia kuokoa ngozi, sasa nimtumie kupata makofi.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika, simu ikalia.

Ni yeye. Nyuma yake nilisikia mvua ikipiga mabati. Alisema kwa Kiswahili, kwa sababu alijua niko mjini:

"Boss, ni mimi. Kesho nitashukia hapo kanisa saa tatu. Hawa watu wako wasomi, sitaki nikuaibishe. Nikuite aje mbele yao?"

Nikuite aje.

Saiba imejaa kwa ajili ya mvua. Kulia kwangu kuna kijana anacheza karata kwenye kompyuta, nyuma kuna wasichana wawili wanasoma barua pamoja. Mwenye saiba alikuwa ananitazama kwa sababu ya simu. Nikafungua mdomo na kilichotoka ni lugha yetu. Sauti ilikuwa ndogo, ilikwama katikati, lakini ilikuwa ni lugha yetu, hapa mjini, mbele ya watu. Nilimwambia, "Mama, niite jina langu."

Kijana wa karata akageuka. Alinitazama, sijui ni kwa sekunde ngapi. Nilihesabu pumzi zangu badala yake. Kisha akarudi kwenye karata zake.

Mama akalitamka jina langu, polepole, kama anayejaribu ufunguo. Akalirudia. Kisha akasema, kwa lugha yetu, kwamba mabati yanavuja juu ya jiko na anaenda kuweka sufuria. Akakata.

Bado sijamwomba msamaha. Hilo sitalisema kwa simu, na nimeona sasa kwamba sitalisema kwa maikrofoni kwanza. Kesho saa tatu nitakuwa langoni, mvua inyeshe isinyeshe. Nitamwambia pale, kabla hatujaingia, nilichofanya na nilichoomba. Nitamuuliza kama anakubali nikiseme ndani. Akikataa, nitasoma ile karatasi safi na kuketi, na hiyo ndiyo itakuwa sehemu yangu ya kujikana. Akikubali, Mungu anisaidie.

Nina hofu ile ile niliyokuwa nayo saa moja iliyopita. Nilidhani itapungua.

Nimebaki na nakala moja ya ratiba mfukoni, ya mama. U yake nimeifunga vizuri, hata haionekani kwamba ilikuwa kosa. Sasa hivi nimeitoa nikaiweka juu ya meza, na pale chini, baada ya Ndugu Daniel, nimeongeza kwa biro lile jina langu la tatu, lote, bila kufupisha. Linasomeka.

Nimeandika. Nimelisoma mara mbili. Kulitoa ni kesho.