Herufi Iliyo Njiani

Ngara, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Mama Zawadi,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mguu umeacha kuvimba na paa jipya halivuji. Kuku je, wamezoea huko juu, au bado wanateremka bondeni kutafuta nyumba ambayo haipo? Mimi leo nimeamka, nimekunywa uji nusu kikombe, na mkono umekubali kuandika. Ukiona mistari inapanda na kushuka usisikitike. Ni mkono tu, kichwa bado kimetulia.

Isome barua hii peke yako kwanza. Baadaye utaamua nani mwingine aisikie.

Naanza na lililo gumu ili tulipite. Tangu mvua ziishe, kila nilipokuandikia nilikuambia dawa zinafanya kazi. Hazifanyi. Daktari alituita, mimi na Zawadi, akasema ini langu limechoka na kwamba kilichobaki ni kunipunguzia maumivu. Alisema kwa upole. Ni kijana mwenye adabu. Siku ile ile binti yako alitaka kukuandikia, nikamkataza. Akaniuliza, "Baba, unamficha mama ili iweje?" Nikamwambia anipe muda, kuna kazi nataka kuimaliza. Alidhani homa imenipanda kichwani.

Kazi yenyewe ndiyo hii.

Unajua Zawadi anatunza hesabu katika karakana ya kudarizi. Wanadarizi beji za sweta za shule, majina kwenye mashati ya walinzi, na shingo za kanzu. Hapendi nibaki nyumbani peke yangu, kwa hiyo kila asubuhi ananishika mkono tunashuka ngazi, ananikalisha penye dirisha la karakana ambako jua huingia. Hapo ndipo nilipoiona mashine. Si cherehani unayoijua wewe. Hakuna mtu anayesukuma nguo. Nguo inabanwa kwenye fremu, fremu ndiyo inayotembea, na sindano inabaki mahali pake ikipanda na kushuka, mpaka uzi unageuka simba au mwenge mbele ya macho yako. Lakini mashine haijui simba. Lazima kwanza mtu akae kwenye kompyuta aichoree njia: sindano ianzie wapi, ielekee wapi, irudi vipi, iishie wapi. Njia hiyo inatiwa kwenye disketi, na disketi inapelekwa kwa mashine.

Mwenye kazi hiyo hapa ni mama mmoja Mkamba, anaitwa Mwende, na sauti yake husikika mpaka ng'ambo ya barabara. Nilipomwomba anifundishe alitazama fimbo yangu, akatazama kofia yangu ya sufu, akacheka waziwazi.

"Mwalimu, wenzako wakistaafu wanafuga kuku."

Nikamwambia kuku ninao, na mke wangu anawatunza vizuri kuliko mimi. Akauliza basi nataka kudarizi nini. Nikasema, kitambaa cha kochi. Alicheka tena, lakini akanivutia kiti.

Mama Zawadi, umeshajua ni kitambaa gani. Kile cheupe cha kochi kubwa, chenye kanga wawili, wale ndege wa porini, wakitazamana, na maneno chini ya miguu yao. Ulikishona kwa mkono mwaka tuliooana. Ulianza na herufi kubwa kubwa kwa furaha, ukafika ukingoni, nafasi ikaisha. KARIBU MGEN. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa Kiswahili, vumbi la chaki bado liko mfukoni. Nikakuambia, "Umesahau I." Hukuinua hata macho. Ulisema, "Sijaisahau. Iko njiani."

Na Bi Halima, Muorma wetu wa maziwa, alipoanza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, alikuwa akiliweka chini buyu lake, anakisoma kwa kidole, anasema, "Mimi nasoma hii kila siku, na mgeni hajafika." Mlikuwa mkicheka nyote wawili mpaka mnashikana mabega, nami najifanya nasahihisha madaftari.

Sasa niungame. Mlidhani upande ule wa kochi ni wangu kwa sababu mimi ni baba wa nyumba. Watoto waliinuka nikiingia, wageni waliambiwa hapo ni pa Mwalimu. Ukweli ni kwamba nilikaa pale ili mgongo wangu uifunike MGEN, wakaguzi wa shule na walimu wenzangu wasiione. Miaka ya mwanzo niliona haya. Baadaye haya iliondoka, nami nikaendelea kukaa pale pale, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuegemea kazi ya mkono wako. Hilo la pili ndilo nililopaswa kukuambia, na sikukuambia.

Halafu mto ukaja. Maji yalipoingia kijijini kwetu Ndera mimi nilikuwa tayari siwezi kubeba kitu. Ulinipakia kwenye mtumbwi, ukarudi ndani, maji yako kifuani, ukatoka na sanduku la vitabu vyangu kichwani. Tulipofika nchi kavu karibu na Garsen, neno la kwanza nililokuuliza lilikuwa kama vitabu vimelowa. Vitambaa vyako vyote vilikuwa vimekwenda na maji, mishono ya maisha yako yote, nami sikuuliza. Ulivianika vitabu vyangu juani ukivifunua ukurasa kwa ukurasa. Mama Zawadi, tangu siku ile sijasoma hata kimoja. Kila nikikishika naona kile ulichokiacha ili kukibeba.

Ndiyo maana daktari aliposema aliyoyasema, sikufikiria dawa. Nilifikiria kitambaa.

Mwende alinianzishia herufi I. Alisema ndiyo nyepesi kuliko zote, fito moja iliyosimama, kila anayejifunza huanza nayo. Nilicheka mpaka nikakohoa, naye hakujua amenichekesha kwa nini. Kumbe si nyepesi. Ya kwanza ilitoka imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa, kwa kuwa nilisahau kuweka karatasi ngumu chini ya nguo. Ya pili ilibana kiuno. Uzi una tabia, ukiulaza unaivuta nguo kwake, kwa hiyo ukichora fito nene inatoka nyembamba, na ukichora duara linatoka yai. Nilibishana. Nilichukua rula nikapima kwenye kioo cha kompyuta, nikamwonyesha kwamba jicho la kanga wangu ni duara kamili.

"Duara lako ni zuri, Mwalimu," alisema. "Nguo ndiyo inalikataa."

Ikanibidi nichore yai lililolala upande wa pili, ili nguo ikishavuta, jicho litoke duara. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba ukitaka kitu kinyooke, kichore kimenyooka. Nimejifunza vingine nikiwa na fimbo mkononi.

Madoa ya kanga nusura yanishinde. Wewe uliyashona moja moja ukiimba. Mimi niliyatawanya ovyo, moja huku, jingine kule, na mashine ikafuata nilivyoiamuru, ikiburuta uzi kutoka doa hadi doa. Ndege akatoka kama amenaswa wavuni. Mwende aliwaita mafundi wote: "Njooni mwone, Mwalimu amewinda." Walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikafuta yote nikaanza upya. Siku hizi napanga njia kama mwanamke anayepalilia mpunga: doa hili, kisha la jirani yake, bila kurudi alikokwisha pita.

Sikufichi, ni kazi iliyonichosha. Mkono wa kulia unalegea nikishika kipanya cha kompyuta, basi naukamata kwa wa kushoto. Kuna siku nililala juu ya magunia ya vipande vya nguo mpaka wakafunga karakana. Zawadi aligomba, akalia, akasema nakaa kuhesabu madoa ya ndege badala ya kupumzika. Nikamwambia kupumzika kunakuja, hakuna haja ya kuharakisha. Kesho yake alinishika mkono tukashuka ngazi kama kawaida.

Nilipomaliza kuyachora maneno nilienda dirishani kupata jua. Niliporudi nikakuta Mwende amenifanyia wema. Amezibana herufi zote, zikapungua, akaongeza moja mwishoni. KARIBU MGENI. Yamepangika, yanapendeza, hayana kosa.

"Mwalimu mzima," alisema, "na kosa kama hilo?"

Nikamwomba aitoe. Akakataa. Akasema kitu kikitoka hapa kimekosewa, watu watasema Mwende ndiye asiyejua kuandika. Ndipo nilipomweleza yote, kochi, mgongo wangu, mto, sanduku la vitabu. Nilimaliza kwa kumwambia hivi: "Nimesahihisha Kiswahili cha watu tangu ujana wangu. Hiki sikisahihishi."

Aligeuka akamgombeza fundi mmoja kuhusu mkasi ambao haukuwa umepotea. Aliporudi aliifuta ile I mwenyewe, akazikuza herufi tena kidogo kidogo, mpaka N ikagusa ukingo, kama ilivyokuwa.

Kitambaa ndicho hicho alichokuletea shemeji yako Buya pamoja na barua hii. Si kama chako. Chako nyuma kilikuwa safi kama mbele, hiki nyuma kina mafundo. Kanga wa kulia amenenepa kuliko mwenzake, na sikuwa na nguvu ya kumpunguza. Lakini kila njia ambayo sindano imepita nimeichora mimi, na nilimkumbuka kila ndege kama ulivyomshona. Kitandike kwenye kiti chochote ulichonacho, hata kama ni kile cha kamba.

Sasa sikia nilichoamua. Narudi nyumbani. Daktari hapendi, na Zawadi anasema barabara ni mbaya na mwili wangu hautastahimili mitikisiko. Yawezekana. Lakini sitaki kubaki hapa kungoja kwenye baridi, wakati wewe uko huko na kiti kiko wazi. Zawadi ameomba ruhusa kazini, na akiipata tu tunapanda basi. Usije kunichukua, mguu wako haujapona. Tengeneza kitanda upande wa mlango, nione watu wakipita.

Nisalimie dada yako mkubwa, mwambie bado namdai ule mchezo wa bao alioukimbia. Msalimie mchungaji, umwambie nitamhitaji lakini asianze kuandaa maneno marefu. Wajukuu wabusu wote, na yule mdogo anayekataa kusoma mwambie babu yake naye amekuwa mwanafunzi, na anachekwa darasani.

Mwende alinipa disketi yenye kitambaa chako. Nimemwachia Zawadi, hicho hakitachukuliwa tena na maji. Na ile I ya kwanza iliyotoka imesimama vizuri, bila kubana kiuno, niliikata na kipande chake cha nguo nikaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto. Hiyo sikumpa Buya.

Nikiingia kwa miguu yangu nitakupa mkononi, uishone penye nafasi au uitunze tu. Nikiingia nimebebwa, usiwaruhusu wanivue shati kabla hujatazama mfukoni.

Na Bi Halima akipita na maziwa yake, akasoma kwa kidole, akauliza kama mgeni bado hajafika, mwambie yuko njiani.

Mimi mumeo,
Baba Zawadi