Ukurasa wa Tano

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kukaa. Goti lako je? Naandika kwa sababu kwenye simu unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata kwa mambo ambayo hukuyasikia.

Kamati ya wakazi imenipa kazi ya kuandika kijitabu cha historia ya mtaa wetu, kwa hiyo nashinda maktaba kuu, chumba cha magazeti ya zamani. Karibu kila jalada ninaloshika ulilishona wewe! Mkutubi ananinawisha mikono kama mtoto anayekwenda kula, lakini aliposikia mimi ni binti wa mjalidi, akanipa meza ya dirishani.

Sasa nimefika kwenye moto wa kiwanda cha magunia. Wanawake kumi na mmoja, mlango umefungwa kwa nje. Mtaa mzima unasema ni Baba Mkubwa, mlinzi, aliyefunga akaondoka na ufunguo, na mwenyewe alikiri. Nilimtembelea kule alikohamia baada ya kifungo. Amekonda, anakohoa. Nilipomuuliza kama kweli ni yeye, alicheka tu, akasema nimefanana na mama yangu. Halafu akaniomba nimuulizie kama anaweza kurudi nyumbani kufa. Kamati imekataa kata kata, labda upatikane ushahidi wa maandishi kwamba si yeye.

Wewe ni mdogo wake. Unakumbuka nini?

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti ndilo goti. Nimefurahi kwamba majalada yangu bado yamesimama. Uzi ule niliupaka nta mwenyewe, hao wa siku hizi wanabandika gundi wanakwenda zao.

Kijitabu chako kiandike vizuri. Andika kuhusu soko, andika kuhusu timu yetu ilivyofungwa saba bila na kipa akajificha siku tatu. Ya moto achana nayo. Watu wameshalia, wamenyamaza. Baba Mkubwa ni mgonjwa, mpelekee matunda, mpe salamu. Usimchoshe kwa maswali.

Wala usiharibu macho. Mwanga wa chumba kile ni mbaya tangu enzi zetu.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Gazeti lililochapisha ushahidi wa tume iliyouchunguza moto ule nimelipata. Ukurasa wa kwanza unasema maelezo ya muuza chai wa getini yako ukurasa wa tano. Ukurasa wa tano haupo. Umekatwa kwa wembe, safi, karibu kabisa na mshono.

Nikiwa mdogo ulinikalisha mezani kwako ukanionyesha: karatasi hukunjwa katikati ndipo ishonwe, kwa hiyo ukikata upande mmoja, mwenzake hulegea na siku moja hudondoka. Mwizi wa kawaida hajui hilo. Aliyekata huu alijua. Ule upande wa pili ameushikiza kwa utepe mwembamba wa kitambaa, ncha zake zimekatwa mshazari. Madaftari yangu yote ya shule yana utepe wa namna hiyo.

Nililifunga jalada nikalifungua tena mara tatu, Baba. Mkutubi alidhani naumwa.

Baba Mkubwa amelazwa. Daktari anahesabu wiki. Kila nikienda anauliza kama umeandika. Muuza chai alisema nini?

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Nisamehe kuchelewa.

Siku ile kaka alikuwa na homa. Nilishika zamu yake. Amri ya kiwanda ilikuwa kufunga kwa nje ili wafanyakazi wasitoroke kabla ya saa. Nilifunga, nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda kuangalia mpira uwanjani. Niliporudi mbio moshi ulikuwa umejaa yadi nzima. Ufunguo uliingia, lakini kufuli ilikuwa ya moto, ikakataa. Niliwasikia. Nawasikia mpaka leo.

Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi saba. Kaka akaniambia, "Wewe una mtoto njiani, mimi sina mtu," akaenda kujisalimisha. Muuza chai alisema aliuona ufunguo kwangu, ila tume ikashika ungamo la kaka. Gazeti lilifika mtaani nakala mbili tatu, na wengi hawakujua kusoma. Miaka mingi baadaye nikaajiriwa maktaba, nikaletewa magazeti yale yale niyajalidi. Nikashikwa na woga, nikakata.

Sikuuchoma. Sijawahi kuchoma karatasi. Kamusi niliyokujalidia ulipokwenda sekondari, fumua jalada la nyuma, chini ya karatasi ya ndani. Utaukuta.

Mwambie kaka aje nyumbani. Mlango nitamfungulia mimi mwenyewe.

Baba yako

29 Mei

Baba,

Shikamoo.

Baba Mkubwa alifariki tarehe kumi na moja. Nilikupigia simu, ukaitikia "ndiyo, ndiyo." Nikajua hukusikia, nami sikuwa na nguvu ya kurudia. Tumemzika huku huku, mimi, muuguzi na wachimba kaburi wawili.

Siku yake ya mwisho aliuliza tena kama umejibu. Nikamwambia umejibu, umesema aje nyumbani na mlango utamfungulia wewe. Alifurahi sana, akaomba viatu vyake. Nilikuwa namdanganya, Baba. Barua yako yenye maneno hayo hayo imefika wiki mbili baada ya kumzika.

Kamusi imekuwa mezani kwangu wakati wote huu. Nimeifumua. Ukurasa nimeurudisha mahali pake, nimeushona kwa uzi wenye nta kama ulivyonifundisha. Mkutubi aliniuliza nimeutoa wapi, nikamwambia ukweli.

Kijitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu. Nina hasira na wewe, na nakupenda, na sijui nifanye nini na vyote viwili. Sura ya moto inakutaja wewe. Jaladani kamati imeweka jina la mwandishi, langu likifuatiwa na lako, kama ulivyoniandikisha nilipozaliwa. Nimewaambia waliache hivyo hivyo.

Mwanao