Makomeo ya Nje

Kindu, 10 Juni 2025

Dada Hadidja,

Nyumba ndogo za vijana wasio na makao, huku Mikelenge, zimekamilika. Ametangaza Louis, msimamizi wa ujenzi. Amuri, mtoto wa marehemu kaka yetu, amepewa moja. Tangu mumeo amfukuze, analala sokoni.

Tulikwenda naye jana kuzitazama. Kila moja ina chumba kimoja na bati jipya. Ila komeo la mlango liko nje. Kwa ndani hakuna komeo. Kufuli na funguo atakaa nazo mlinzi.

"Ni kwa usalama wao," alisema Louis.

"Usalama ya nani, shefu?" Amuri akamuuliza. "Mbuzi njo tunafungiaka hivi!"

Louis akacheka, akasema seremala alikosea. Seremala ameniambia aliagizwa hivyo.

Kaka alifungiwa kwa nje wakati wa vita, kabla nyumba haijachomwa. Mimi sikumweleza Amuri. Kama ulimweleza wewe, niandikie, kwa sababu aliupapasa ule mlango kwa ndani muda mrefu.

Bado anaitaka nyumba. Ameniomba bisibisi. Vijana wanaingia Jumamosi tarehe 14, saa tatu asubuhi. Sisi tutafika saa mbili, tuhamishe komeo.

Mdogo wako,
Bulaimu