Upepo Haukunji Blanketi

Kwako Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza kukusumbua. Baba naye mpe shikamoo yake, na wadogo zangu wote nawasalimu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ukianza kulia mimi hunyamaza, na safari hii sitaki kunyamaza.

Nimesikia mkwe wako amekupigia. Nimesikia amekueleza kwamba nimekimbia nyumba yangu kwa sababu ya mboga, nawe ukaagiza niambiwe hasira hasara. Sawa, Mama. Basi soma kwanza, ujue hasara ilianzia wapi.

Baridi ya huku unaijua kwa kusimuliwa tu. Asubuhi maji ya ndoo huwa yamefunga utando wa barafu, unauvunja kwa kikombe ndipo unawe uso. Nilipoanza kulima nyuma ya nyumba majirani walinicheka, wakasema hapa hapaoti kitu ila mawe. Nikaziba masikio. Mbegu nilizianzishia ndani, kwenye makopo, dirishani pa jikoni, kila siku nikiyageuza yafuate jua. Miche ilipopata nguvu niliihamishia nje, kwenye masanduku ya mbao yenye vifuniko vya vioo. Mchana nafunua ipate hewa. Jua likianza kuinama nafunika, na juu yake natandika mablanketi makuukuu. Adui yetu huku ni sakitu, ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi. Ikigusa jani usiku, asubuhi jani ni jeusi, limelegea kama lililomwagiwa maji ya moto.

Masanduku yale aliyatengeneza mume wangu. Sitamnyima haki yake: ni fundi seremala, na mkono wake haukosei. Aliokota madirisha kwenye nyumba iliyobomolewa, akayapiga randa, akayatia bawaba, akaniita nitazame kifuniko kinavyoshuka bila mlio. Siku ile nilimpenda upya. Mablanketi aliyaunganisha wifi, dada yake mkubwa, yule mshonaji aliyehamia kwetu ndoa yake ilipovunjika. Wifi ana mdomo, unamjua. Alishona huku akisema binadamu wanatetemeka ilhali kabichi zinavishwa koti. Nilicheka, lakini neno lile nililiweka moyoni.

Mboga zikanikubali. Spinachi, kabichi, saladi, karoti. Msimu ambao sokoni huoni jani la kijani, kwangu yamejaa. Wapishi wa hoteli wakaanza kuja, na walimu, na manesi wakitoka zamu. Wasiponikuta nyumbani wanapitia karakana ya mume wangu kuniulizia.

Halafu asubuhi moja nikatoka nikakuta vifuniko viko wazi, vyote. Mablanketi yamekunjwa vizuri na kupangwa juu ya jiwe la kufulia. Spinachi zote zimeungua. Mume wangu akaja nyuma yangu, akashika kiuno, akasema labda ni upepo. Nikamwambia upepo haukunji blanketi. Akasema basi ni mtu, na mtu wa kukunja nguo kwa mpangilio humu ndani tunamjua.

Umeona, Mama? Hakutaja jina. Aliniachia nilitaje mimi.

Nilikupigia siku hiyohiyo, nawe ukaniambia wifi ni wifi hata akikushonea gauni la harusi. Nikapanda tena. Vikafunuliwa tena, safari hii kabichi zikiwa zimeanza kufunga. Sikungoja hata chai. Nilimfuata wifi kwenye cherehani yake, nikamwita mchawi, nikamwita mwanamke aliyeshindwa kwake akaja kubomoa kwa wenzake. Nilisema hayo kwa sauti, majirani wameegemea ukuta wanasikiliza. Hakujibu. Yeye, mwenye mdomo ule, hakujibu! Alimtazama tu mdogo wake, mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu, halafu akaingia ndani kufunga mzigo. Mume wangu akambebea cherehani hadi barabarani. Nikadhani ni wema.

Wifi alipoondoka nikapanda kwa amani. Nikafunika mwenyewe, nikatia komeo la geti mwenyewe, nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi. Kulipokucha nikakuta vifuniko viko wazi. Mablanketi yako juu ya jiwe. Komeo liko vilevile nilivyoliacha, na ndani ya ua ule tulikuwa wawili tu.

Nilimkuta mezani anachovya mkate kwenye chai. Nilimuuliza bila kupiga kelele, na nadhani hilo ndilo lililomtisha. Akaanza kusema nimechoka, nahitaji kupumzika. Nikamwambia anitazame. Ndipo akatapika yote. Alisema karakana nzima siku hizi wanamwita Bwana Spinachi. Alisema mpishi mmoja alimkuta anamalizia mlango aliouchonga maua, mlango wa kujivunia, naye hakuutupia hata jicho. Aliuliza tu mwenye mboga yuko wapi. Akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe, "Nilitaka upunguze kidogo tu. Ni mboga, si watoto."

Nikamuuliza, "Na dada yako?"

Akasema, "Dada atasahau."

Mama, sakitu naweza kuisamehe, haina macho. Huyu anayo. Mama yao alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo uliombeba ni wa wifi. Alimsikia dada huyo akiitwa mchawi mbele za watu kwa kosa lake yeye, akatulia tuli. Kisha akambebea mzigo ili aondoke upesi! Na mimi alinifanya fimbo ya kumchapia dada yake. Hapo ndipo ninapotetemeka, na si kwa baridi.

Nilichukua nguo zangu, jembe langu na makopo yangu ya miche, nikatoka. Yeye amekwambia nimejificha kwa shoga yangu. Si kweli. Niko kwa wifi.

Amepanga chumba nyuma ya duka la nguo, upande wa juu wa mji, ambako upepo unapiga hadi ndani ya mifupa. Nilipiga magoti kabla hajanikaribisha. Akaniinua kwa kunivuta sikio kama mtoto, akaniuliza kama miche imepata baridi njiani. Nilipomsimulia yote hakushangaa. Alijua tangu siku ya kwanza. Alfajiri ile aliona viatu vya mdogo wake mlangoni vimelowa, vimejaa udongo wa bustani. Nikawaka upya, nikamuuliza kwa nini basi alikubali nimtukane. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Nilikuwa namngoja. Nilidhani haya itamkaba aseme mwenyewe. Mtoto niliyemlea mimi, nilidhani namjua."

Alilia, Mama. Sikuwahi kumwona wifi analia.

Sasa tunalala kitanda kimoja. Tumelima kipande kando ya ukuta unaopata jua, tumefunika kwa nailoni tuliyopinda juu ya fito, na karoti zimeanza kutoa nywele. Jumapili mume wangu alikuja. Alisimama getini akasema nyumba imepoa, nirudi. Wifi akatoka na sindano mdomoni, akaitoa, akamuuliza, "Umekuja kumchukua mkeo au umekuja kuniomba radhi mimi?" Alitazama viatu vyake. Akatazama fito zetu, akasema zimefungwa vibaya, upepo utazing'oa. Akaenda zake.

Kwa hiyo, Mama, usimtume mjomba kuja kusuluhisha, wala shangazi. Nikirudi nitarudi kwa miguu yangu, na sitarudi kabla mume wangu hajasimama palepale uani, mbele ya majirani walewale, akasema kwa sauti nani alikunja yale mablanketi. Akishindwa, milango anayo mingi ya kuchonga maua.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Mwambie Baba nakula vizuri, nalala vizuri. Na neno la mwisho, usinikasirikie: lile ulilosema kuhusu wifi nililisadiki kwa kuwa ulisema wewe. Ukijibu barua hii, jua kwamba tutaisoma wawili. Salamu za mwanzo mwandikie yeye.

Ni mimi mwanao wa pili,
mkaidi wako.