Baiskeli ya Baba na Yule Sawe wa Kujitengenezea

Mogogosiek,
Bomet.
9 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipruto,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na joto la Doha halijakukausha. Kile kifua kimekuacha? Usinidanganye, nitajua. Huku tunamshukuru Mungu. Mvua inanyesha kila alasiri, majani chai yanatushinda kuchuma, na vidole vyangu vimekuwa vyeusi hadi navificha kanisani.

Najua unangoja habari za Baba, kwa hivyo tulia kwanza: Baba yuko salama, yule mtamba mweusi yuko zizini, na baiskeli imepatikana. Sasa kaa nikueleze jinsi tulivyoponea chupuchupu.

Nilikuambia kwa simu kwamba tangu tumzike Mama, Baba hatoki. Anakaa tu kwenye kiti pale mlangoni. Hata kanisa aliacha. Basi siku moja akasema, bila kuulizwa, kwamba anatamani blakmamba, ile baiskeli nyeusi ya zamani yenye breki za vyuma, kama aliyokuwa akimbebea Mama kwenda sokoni kabla hatujazaliwa. Kipruto, nilifurahi karibu nilie. Lilikuwa jambo la kwanza alilolitaka tangu mazishi. Nikaapa itapatikana hata nikiifuata Uganda.

Madukani hakuna tena, kwa hivyo nikaingia kwenye mnada wa mtandaoni wa vitu vikuukuu. Ndugu yangu, huko kuna watu! Mmoja alisema baiskeli yake iko Kericho mjini, na kwenye picha imeegemezwa kwenye mnazi. Mnazi, Kericho! Mwingine alitaka nitume pesa ya kufungua faili. Faili ya baiskeli.

Ndipo akatokea mtu aliyejiita Kipkemoi wa Sigor. Picha zake zilikuwa safi, na Baba alizitazama mpaka chai yake ikapoa. Akataka kuongea naye mwenyewe. Hata bei hakuuliza. Alimwambia, "Mimi ni Sawe. Na wewe ni ibinda gani?" Yule mtu akajibu haraka, "Hata mimi ni Sawe, Mzee."

Mimi nilishangaa mtu anamwitaje rika mwenzake Mzee. Lakini Baba alikuwa ameshaamini. Unamjua. Kwake mtu aliyetahiriwa katika rika lake ni ndugu wa damu, na kumwomba ushahidi ni kumtusi. Niliposema twende Sigor tuione kwanza, alinikemea: "Chepkurui, huyo ni baba yako kama mimi. Utamfuata baba yako na maswali kama askari?" Yule bwana akadai kuna wengine wanaoitaka, kwa hivyo tulipe yote kabla hajaituma. Baba akamwita Omwenga, mnunuzi wa ng'ombe, aje amchukue mtamba.

Sikuhofia mtamba peke yake. Niliogopa kwamba Baba akitapeliwa kwa jina la rika lake, hatatamani kitu kingine tena maishani.

Omwenga alifika na kamba yake. Alikuwa ameshamfunga mtamba shingoni wakati Kipkemoi alipopiga simu kunihimiza. Nikaweka sauti ya juu ili Baba asikie. Badala ya kutaja namba ya kutumiwa pesa, bwana akaanza kunilainisha: "Chepkurui, aki uko na sauti tamu. Uko na mtu? Nikileta hiyo baiskeli nitakuja na soda, tuongee mambo yetu."

Unajua mila yetu. Binti wa Sawe mmoja ni binti wa Sawe wote, na hakuna mwanamume wa rika hilo anayeweza kumtongoza. Hata mlevi hathubutu. Nilimtazama Baba. Alinyoosha mkono, akachukua simu. "Wewe si Sawe," akasema. "Hata kama uko na baiskeli, sitaki." Akakata, akatoka bila viatu, akamfungua mtamba mwenyewe. Omwenga alilalamika sana kuhusu nauli, nikampa maziwa ya mursik akatulia.

Kesho yake picha zile zile zilirudi mtandaoni. Safari hii mwenye baiskeli alikuwa mwanamke wa Naivasha!

Nilimshukuru Mungu, ingawa nilidhani hamu ya Baba imeishia hapo. Yeye akasema tuendelee kutafuta, ila sasa tuone kwa macho. Tukampata Mzee Eliakim, aliyekuwa fundi wa mashine katika shamba moja la chai, sasa amestaafu anaishi Kabianga. Picha yake ilikuwa na ukungu, lakini maneno yake yalinipendeza: "Msitume kitu. Kujeni, mzee apande kwanza. Ikimkataa, mtakunywa chai mrudi." Tukaenda, na Baba akazunguka nayo uani akiyumba, mimi nimefumba macho. Rangi imechubuka na kengele ni bubu, lakini bei ilikuwa nafuu, bonasi ya majani chai ilitosha.

Jumamosi aliondoka nayo asubuhi bila kusema aendako. Mchana ukapita. Nilikuwa navaa gambuti nimfuate nilipomwona akiisukuma mlimani, jasho linamtiririka. Aliiegemeza ukutani, akaingia jikoni, akafunua sufuria. "Tunakula nini leo?"

Kipruto, tangu mazishi Baba hakuwa ameuliza chakula hata siku moja. Nilimpakulia huku nikilia, naye akaniambia niongeze mboga.

Shangazi Janeffer anakusalimu, na Weldon anauliza kama umenenepa. Mungu aliyetutunzia Baba akutunze nawe huko ugenini, kazini na njiani.

Wako akupendaye bila kuchoka,
dada yako,
Chepkurui