Mwezi Alioushuhudia Baba

Jumatano, 18 Machi

Nimegombana na Baba kwenye futari. Tena! Nilimwambia kesho mwezi hautaonekana kwa macho — utakuwa bado mchanga mno, umekaribiana sana na jua. Nimepiga hesabu mwenyewe, nimerudia. Wanafunzi wangu wa fizikia wangeelewa. Baba akasema tumeamrishwa kuuona, hatukuamrishwa kupiga hesabu. Nikamjibu, hata Msahafu unasema jua na mwezi vina hesabu yake. Akacheka. Eti Msahafu ni huohuo, kila mtu anafungua ukurasa wake.

Nyamizi, mdogo wangu, akasema uji unapoa.

Kinachonikera zaidi ni macho. Daktari alishamwambia: mtoto wa jicho, kote kuwili. Nilikuwepo. Baba kakataa upasuaji mpaka mfungo uishe, na kanikataza kumwambia mtu. Na ndiye shahidi wa mwezi wa msikiti wetu hapa Cheyo tangu sijazaliwa!

Alhamisi, 19 Machi

Tumekwenda Itetemia, mashambani, kwenye uwazi. Mimi, Baba, imamu wetu Maalim Mrisho, na wanaume wa msikitini. Magharibi mawingu, yamepasuka kidogo tu. Nilikuwa na darubini ya shule. Hakuna kitu.

Baba akapaza sauti: Ule pale!

Nikafuata kidole chake. Ukingo wa wingu, basi.

Maalim akataka shahidi wa pili. Wengine wakakodoa macho mawinguni. Halafu muuza mitumba mmoja akasimama nyuma ya Baba, akalinganisha jicho na kidole, akasema naam, kama uzi. Ukionyeshwa kitu na mtu unayemheshimu, utakiona!

Maalim akanigeukia. "Mwalimu, na darubini yako?"

"Sijauona, Maalim."

"Kutoona kwako hakumfuti aliyeona."

Na kwa mantiki hana kosa — ndicho kinachoniua! Ningemjibu kwa neno moja tu: macho. Nikafungua mdomo. Baba akanishika mkono, akaninong'oneza nimwongoze, asijikwae kwenye matuta.

Nikamwongoza. Nyuma yetu takbira zimeshaanza.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Au siyo. Kufunga leo, kama ni Idi, haramu. Kula, kama bado ni Ramadhani, dhambi. Asubuhi nimezichokoachokoa tambi mpaka zikapoa. Baba akasema, kula mwanangu. Nikala. Kwa hasira.

Jioni mwezi huo juu ya mapaa, wazi, mnene. Mtaa mzima nje, wanamsifu Baba: Mnaona? Huu ni wa siku ya pili! Mzee Adinani hakukosea! Nikaeleza kwamba hata kama jana haukuandama, leo ungekuwa mnene hivihivi, hauthibitishi chochote. Nani anasikiliza? Nyamizi akasema, dada, leo sikukuu, acha somo.

Watu wakapanga foleni kumpa Baba mkono. Anatabasamu, uso kaelekeza kwenye ukuta wa jirani.

Walipopungua akanivuta mtandio.

"Shamila, upo upande gani?"

Nikamshika kidevu, nikamgeuza kuelekea mwezi. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Unauona, Baba?"

Akasema, "Jana niliuona. Wallahi niliuona." Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Jana niliona nini, mwanangu?"

Wiki nzima nimetaka ashindwe hoja. Sasa kashindwa, na mimi natamani kumwambia ni mwezi, Baba, ulikuwa mwezi! Sikusema. Wala sikusema haukuwa.

Maalim Mrisho na watu wake wako sebuleni. Wanataka Baba awasimulie alivyouona. Yeye kajificha huku chumbani kwangu, kaketi kitandani, mimi naandika ili nisimtazame. Kaniomba nitoke naye. Nikamuuliza atawaambia nini. Kasema, "Wewe nishike mkono tu."

Wanaita tena. Ameshasimama, anapapasa ukuta kutafuta mlango —